Tanuri la Samaki Ngulyati: Mizani Ilitufundisha Nini



Ngulyati haina ufuko. Samaki wanaouzwa kwenye magulio yake hutoka Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke, na hadi wafike huku Bariadi wamekwisha kukaa njiani juani. Akina mama wanaowauza huwanunua kwa mkopo wa kikundi. Samaki akioza, mkopo haufutwi. Hulipwa kwa kuku au kwa mahindi ya nyumbani. Ndiyo maana kikundi kimoja cha akina mama kilituomba tushirikiane nao kujenga tanuri la kukaushia samaki kwa moshi, lenye gharama wanayoweza kuimudu. Hapa tunaeleza tulivyolijenga, tulivyolijaribu, na makosa ambayo tungependa sharika nyingine zisiyarudie.

Kwa nini kichanja hakitoshi

Kichanja cha kawaida huwekwa juu ya moto wa wazi. Upepo huchukua joto na moshi, kuni nyingi huteketea, na mama hushinda ndani ya moshi huo, mara nyingi na mtoto mgongoni. Sangara ana mafuta mengi, kwa hiyo jua peke yake halimkaushi vizuri, anahitaji moto. Lakini kuni kwetu si kitu cha kuchezea. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, Bariadi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, mradi wa HASHI ulifanya kazi na wananchi kurudisha miti na ngitili. Haifai tuje tuichome miti hiyo kwa uzembe.

Ujenzi

Tulifuata mfano wa tanuri la Chorkor, mtaa wa wavuvi mjini Accra, Ghana. Wachakataji wanawake wa huko walishirikiana na watafiti kuliendeleza karibu na mwaka 1970. Ni sanduku la udongo lililo wazi juu, lenye mlango wa kuni mbele. Juu yake hupangwa trei za mbao zenye wavu wa chuma, moja juu ya nyingine. Fremu za trei zenyewe ndizo zinazogeuka kuwa bomba: joto na moshi hupanda kupitia kila trei badala ya kupotea pembeni. La Ghana huwa na vyumba viwili. Sisi tulijenga kimoja, cha mita 1 kwa mita 1, chenye kimo cha sentimita 60.

Tofali walifyatua akina mama wenyewe. Udongo wa kuzibia ulitoka kwenye kichuguu, ukachanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Fedha taslimu zilihitajika kwa wavu, mbao na misumari tu.

Tanuri la kwanza lilipasuka. Tulilijenga juu ya udongo mweusi wa mbuga bila msingi. Udongo huo huvimba ukinywa maji na hunywea ukikauka, na mvua zilipokuja kuta zikaachana. La pili tulilijenga kwenye mwinuko, juu ya msingi wa mawe, chini ya paa la bati lililo juu vya kutosha. Tuliliacha likauke polepole kabla ya kuwasha moto mdogo wa kwanza. Fremu za trei lazima zikae katikati ya unene wa ukuta. Zikiingia ndani, zinaungua.

Majaribio

Samaki wa kwanza walitoka na rangi nzuri ya dhahabu. Tulifurahi, tukaanza hata kuandika maombi ya fedha za kujenga matanuri mengine. Siku ya tatu ukungu ulionekana kwenye uti wa mgongo. Nje walikuwa wakavu, ndani wabichi.

Hapo ndipo tulipoazima mizani. Hesabu yake ni rahisi. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji. Katika kilo 10 za samaki waliopasuliwa na kuoshwa, maji ni kama kilo 7.5, na kilo 2.5 ndicho kitu kikavu. Wakitoka tanurini wana kilo 5, nusu yao bado ni maji. Hao ni wa kuliwa mapema. Wakifika karibu kilo 3, maji yamebaki kama asilimia 15, na hao wanaweza kuwekwa. Rangi hudanganya, mizani haidanganyi.

Tangu hapo tunafuata hatua tatu: moto mdogo wa kukausha ngozi, moto mkali wa kuivisha, kisha moto wa chini kwa saa nyingi. Trei za chini hupandishwa juu na za juu hushushwa. Samaki wa ukubwa mmoja hukaa trei moja, na sangara wakubwa hupasuliwa. Wakitoka, hupoa kabisa kabla ya kufungwa, maana mvuke uliofungiwa huleta ukungu.

Kuni nazo hupimwa. Siku moja, samaki wa aina moja huwekwa nusu kichanjani na nusu tanurini, na kuni za kila upande hupimwa. Bila hivyo hatuwezi kumwambia mtu kwamba tanuri linaokoa miti.

Tahadhari

Tusitumie plastiki, mbao zilizopakwa rangi, wala mabua ya pamba yaliyopuliziwa dawa. Mafuta ya samaki yanayodondokea motoni pia hutoa moshi wenye kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Ndiyo sababu tanuri la Thiaroye, lililobuniwa Senegal mwaka 2008, lina sahani ya kukinga mafuta hayo. Ni bora kuliko letu, ila gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa sasa tunatumia makaa yaliyokolea badala ya ndimi za moto.

Kwa kamati na wafadhili

Maombi yale ya fedha tuliyasimamisha. Tunashauri kila usharika ujenge tanuri moja kwanza, uandike uzito wa samaki na wa kuni katika daftari, na ulitumie msimu mzima wa mvua. Wafadhili, mkipokea maombi ya matanuri, ombeni kwanza kuona daftari hilo. Akina mama wa Ngulyati wanalo, nao ndio wanaolijaza.