Herufi moja kwenye damu: Yafahamu haya kabla ya kukubali posa

Safu yetu leo inazungumzia ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu mitaani tunauita siko seli.

Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito. Akifikisha miezi sita au zaidi, siku moja anaamka vidole vya mikono na miguu vimevimba, ukimgusa analia. Mara macho yamekuwa ya manjano, mara ameishiwa damu, anaongezewa hospitalini na baada ya muda anarudi tena. Hapo maneno huanza. Wapo wanaosema mtoto amerogwa. Wapo wanaosema ni jini la ukoo. Na wapo wanaomnyooshea kidole mama, kwamba yeye ndiye mwenye damu mbaya. Ndoa zimevunjika kwa neno hilo, na watoto wamecheleweshwa kupelekwa hospitali kwa sababu hiyo hiyo.

Ili tujue ukweli wa jambo hili, inabidi tuingie ndani ya mwili, kwenye sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho. Haya ni mambo wanayofundishwa wanafunzi wa chuo kikuu, lakini ndani yake hakuna la kumshinda baba au mama wa nyumbani akielezwa taratibu.

CHEMBE HAI NI NINI?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kuwa tofali halina uhai, ama chembe hai inajilisha, inafanya kazi, na nyingi hugawanyika na kuzaa nyingine. Ndani ya chembe hai nyingi kuna kiini, na ndani ya kiini mna vinasaba, yaani DNA. Huu ni uzi mrefu na mwembamba mno, uliokunjwa katika mafungu 46 yanayoitwa kromosomu. Mafungu 23 tumepewa na baba na 23 tumepewa na mama. Lishike vizuri jambo hili, kwani jibu la lile neno la "damu mbaya" limo humo.

Uzi huo umebeba maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu wanaziita A, T, G na C. Katika mafungu yote 23 ya upande wa mzazi mmoja zimo herufi zipatazo bilioni 3. Sehemu ya uzi yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini huitwa jeni. Mwanadamu anazo jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini, na protini ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi za mwili.

MAELEKEZO YANAVYOGEUKA KUWA KITU

Mjenzi makini haipeleki ramani halisi ya nyumba kwenye vumbi. Huiacha ofisini, akatoa nakala ya chumba anachotaka kujenga. Chembe hai nayo hufanya hivyo. Vinasaba hubaki ndani ya kiini, na nakala ya jeni inayohitajika, iitwayo RNA, ndiyo inayotoka kwenda kazini.

Nje ya kiini kuna viwanda vidogo sana viitwavyo ribosomu. Hivi husoma nakala ile herufi tatu tatu, na kila herufi tatu huagiza punje moja ya asidi amino. Zipo aina 20 za punje hizo. Zinaunganishwa moja baada ya nyingine, mfano wa shanga za tasbihi kwenye uzi wake, mpaka protini ikamilike. Kisha uzi huo wa punje hujikunja na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha protini kufanya kazi yake. Punje ikiwekwa siyo, umbo au tabia ya protini nzima inaweza kubadilika.

HERUFI MOJA ILIYOBADILIKA

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Zikiwa bado changa huwa na kiini, na hujazwa protini iitwayo himoglobini. Zikikomaa kiini hutolewa, nazo huingia katika damu kubeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwili mzima.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Jeni ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu namba 11, na mnyororo wenyewe una punje 146. Kwa kawaida, herufi za kuagiza punje ya sita ni GAG, nazo huleta punje iitwayo asidi ya glutamiki. Kwa baadhi ya watu herufi ya katikati si A bali ni T. Inasomeka GTG, na kiwanda kinaweka punje nyingine iitwayo valini. Mabadiliko ni hayo tu. Mtoto aliyeanza madrasa anajua kuwa ba ina nukta moja chini na ta ina nukta mbili juu. Ukikosea nukta, neno linakuwa jingine.

Punje ya asili inapatana na maji, lakini valini inayakimbia maji kama mafuta yanavyofanya. Kwa hiyo himoglobini hizo zikishaachia oksijeni hunatana zenyewe kwa zenyewe, zinajipanga kuwa fito ngumu, na chembe ya damu iliyokuwa ya mviringo na laini inapinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Ndipo likatoka jina selimundu.

Chembe zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo. Damu haipiti, na hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo, na ndiko kuvimba kwa vidole vya mtoto. Aidha chembe hizo hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, wakati ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi. Uboho haukimbizani na upotevu huo, mtoto anaishiwa damu, na mabaki ya chembe zilizovunjika ndiyo yanayoleta umanjano wa macho.

Je, kwa nini basi alizaliwa mzima? Kwa sababu mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haina mnyororo wa beta. Hiyo hupungua baada ya kuzaliwa, na miezi michache baadaye ile ya beta inashika nafasi yake. Hakuna aliyemloga katikati. Maelekezo yalikuwemo tangu mimba ilipotungwa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha maelezo ya chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe. Na mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, alianza kuonyesha kuwa tofauti yote ni ya punje moja.

NANI HASA ANALETA UGONJWA?

Kwa kuwa tumepewa kromosomu mbili mbili, kila mtu ana jeni mbili za beta, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu huitwa AS. Mwenye mbili za selimundu huitwa SS, na huyu ndiye mgonjwa. Zipo pia aina nyingine chache, ambapo jeni ya selimundu hukutana na kasoro nyingine ya himoglobini. Tafadhali usichanganye herufi hizi na makundi ya damu ya A, B, AB na O. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mwenye AS kwa kawaida ni mzima. Anafunga, analima, anacheza mpira, anazeeka, na pengine hajui kabisa kuwa anayo. Akioana na mwenye AA, watoto wao hawatapata SS, ingawa baadhi wanaweza kuwa AS. Lakini AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS, na moja kati ya nne kuwa AA. Tumesema kila mimba. Wasidanganyike wazazi kuwa wakishapata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata watasalimika, kwani kila mimba inaanza hesabu upya.

Kwa hiyo mtoto wa SS hawezi kupatikana kwa mama peke yake. Nusu imetoka kwa mama na nusu imetoka kwa baba. Baba anayemwacha mkewe kwa sababu hiyo, akaenda kuoa mke mwingine bila kupima, anaweza kukutana na jambo lile lile, kwa sababu jeni yake anayo mwenyewe.

Katika koo ambazo ni desturi kuoana watoto wa ndugu, kama mtoto wa mjomba au wa ami, uwezekano wa wote wawili kuwa na jeni moja waliyoirithi kwa babu huongezeka. Hatusemi ndoa hizo zimekatazwa. Tunasema zina sababu zaidi ya kupima.

KWA NINI IMEENEA KWETU?

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki ukionyesha kuwa mtoto mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea sana penye malaria. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hadi mtu mmoja kati ya watano ni AS. Lakini kinga hiyo si kamili, chandarua bado kinahitajika. Na kwa mwenye SS malaria ni hatari kubwa.

KUPIMA KABLA YA KADI ZA HARUSI

Saudi Arabia, ambako ugonjwa huu uko zaidi upande wa mashariki, imefanya kipimo cha damu kabla ya ndoa kuwa lazima tangu mwaka 2004. Majibu hayawazuii wachumba kuoana. Wanaelezwa, kisha uamuzi ni wao. Bahrain nayo ilitunga sheria ya kupima mwaka huo huo wa 2004.

Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Posa ikiletwa, wazee huuliza dini, tabia na kazi ya kijana. Waongeze swali moja: je, himoglobini yenu ni aina gani? Wakati mzuri ni kabla ya kujibu posa. Kadi zikishagawiwa na mahari kutolewa, ukweli unakuwa mzito kuusema. Uliza kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS, kwa sababu kipo kipimo chepesi kinachoonyesha tu kuwa jeni ya selimundu ipo, bila kubainisha AS na SS. Na majibu ya mtu ni siri yake, si habari ya barazani. AS si ila, wala haimpunguzii binti au kijana heshima.

IKIWA MTOTO TAYARI ANAO

Mtoto wa SS aliyegunduliwa mapema anaweza kusoma, kukua na kuwa na familia. Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Ahudhurie kliniki bila kukosa. Watoto wadogo hupewa dawa ya penisilini kuzuia maambukizi, pamoja na asidi ya foliki. Wapate chanjo zote na walale ndani ya chandarua.

2. Homa ni dharura. Asisubirishwe hadi asubuhi. Vivyo hivyo akipauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, akishindwa kupumua, au akilegea upande mmoja wa mwili.

3. Anywe maji ya kutosha na akingwe na baridi. Upungufu wa maji huzidisha kupinda kwa chembe.

4. Kabla ya Ramadhani, mgonjwa aliyefikia umri wa kufunga amuone daktari wake. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo ni ya watu kama yeye.

5. Kabla ya tohara, ngariba au daktari aelezwe. Mtoto wa selimundu atahiriwe hospitalini, baada ya kupimwa damu.

6. Muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Dawa hii huamsha ile himoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto wanaoitumia walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria na vifo.

Ipo pia tiba ya kupandikiza uboho. Na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni ndani ya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Nchini Marekani gharama yake inapita dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Kwetu sisi, kipimo cha damu kabla ya nikaha ni rahisi mno kuliko hayo yote.

Ndugu msomaji, kama una kijana au binti aliyefikia umri wa kuoa au kuolewa, anza naye wiki hii. Na kama kuna mama mtaani kwenu anayesemwa kwa sababu ya mtoto wake, mfikishie mumewe na mawifi zake haya uliyoyasoma.