Geuza Jiwe la Mtoni Usome Hali ya Maji

Wakulima wa Thika na Ruiru, wengi wetu tukifika mtoni huona maji tu. Lakini mvuvi wa samaki aitwaye trauti, avuaye juu huko Nyandarua mito ya Thika na Chania inakotoka, hutazama wadudu kwanza. Yafaa tujifunze kwake.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, akatiwa katika mto Gura. Hupenda maji baridi na safi, na ndiyo sababu hapatikani huku chini mjini. Chakula chake kimoja ni mdudu mdogo mwenye mabawa yaliyosimama kama tanga la dau, na mkia wa nyuzi mbili au tatu. Mvuvi hufunga manyoya na uzi kwenye ndoana mpaka ifanane na mdudu huyo, kisha huirusha itue polepole juu ya maji. Mafundi wa Kenya ni hodari wa kazi hiyo, na ndoana zao huuzwa hata Ulaya na Marekani.

Mdudu huyo hutaga majini. Watoto wake hukaa chini ya mawe kwa majuma au miezi, wakipumua kwa matamvua yaliyo ubavuni. Kisha hupanda juu, huambua ngozi na kuruka. Akisha kuruka hali kitu. Hutaga na kufa, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Ulaya wavuvi hungoja kiangazi kianze ndipo wadudu hawa watoke kwa wingi. Kwetu hakuna majira ya theluji, basi hutoka miezi mingi ya mwaka.

Je, mkulima hupata faida gani? Watoto wengi wa mdudu huyu hawavumilii maji machafu wala dawa ya kuua wadudu. Kwa hiyo jaribu hivi. Mto usipokuwa umefurika, vaa viatu vya mpira, chagua mahali penye mawe na maji yaendayo kasi. Geuza mawe manne au matano, tazama chini yake, kisha uyarudishe. Fanya hivyo juu ya shamba lako, halafu chini yake. Kama juu wapo wengi na chini hawapo, kuna kitu kibaya kinachoingia katikati. Ukikuta minyoo myekundu tu, jua hewa imepungua majini.

Ndipo ujiulize: Nani aliosha bomba la dawa mtoni? Maji ya kukobolea kahawa yanaelekea wapi? Udongo wa shamba unateremkia wapi? Bomba lioshwe shambani, mbali na mto, na maji yake yanyunyiziwe mimea ile ile iliyopigwa dawa. Maji ya kahawa yaingie mashimoni. Kando ya mto acha ukanda wa majani usiolimwa.

Lakini angalia: wadudu hawa hawaonyeshi vijidudu vya maradhi. Hata wakiwa wengi, chemsha maji ya kunywa.

Mto wako hauishii mpakani mwako. Bwawa la Ruiru na lile la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 hupeleka maji Nairobi. Andika kila mwezi uliyoyaona, na mambo yakiharibika mpelekee Afisa wa Kilimo daftari lako.