Kichwa cha Luzira na Masomo ya Historia ya Sanaa

Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba juu ya kilima cha Luzira, karibu na Kampala, walikuta ardhini vigae ambavyo havikufanana na vya chungu cha kupikia wala cha kutekea maji. Vilipokusanywa na kuunganishwa, ukatokea uso wa binadamu uliofinyangwa kwa udongo na kuchomwa motoni. Hapakuwa na maandishi wala jina. Leo hii uso huo, ujulikanao kama Kichwa cha Luzira, umewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, mbali kabisa na kilima chenye gereza ulikotoka.

Ni nani aliyeufinyanga? Aliishi lini? Alikusudia nini? Maswali hayo matatu ndiyo mizizi ya somo moja la chuoni ambalo wazazi wengi hulisikia kwa mashaka, nalo ni historia ya sanaa.

MASHAKA YA MZAZI

Chukua mfano wa sajini mmoja kambini, aliyesomesha watoto wake kwa mshahara na shamba dogo la mkewe. Binti yake mkubwa amefaulu mtihani. Jioni moja anamkabidhi baba yake fomu ya chuo na kumwambia kwa adabu, "Baba, nimechagua sanaa." Mzee anaitazama karatasi, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, picha zitakulisha?" Mama naye, aliyekwisha kuwahesabia majirani kwamba bintiye atakuwa muuguzi, ananyamaza na kuendelea kuchambua mchele.

Swali la mzee huyo si la ujinga. Ada ya chuo haitoki mtini. Lakini kabla ya fomu kurudishwa mezani, yafaa ijulikane kinachosomwa huko, kwa maana wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa sanaa hushinda akichora maua na machweo ya jua.

VERANDA YA MULAGO

Katika nchi za Afrika Mashariki, habari ya masomo hayo haitengani na Makerere. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, chenye wavulana 14 waliofundishwa useremala, uashi na umakanika. Sanaa ililetwa baadaye na Margaret Trowell, Mwingereza mke wa daktari, ambaye alianza kwa kuwafundisha watu wachache kwenye veranda ya nyumba yake huko Mulago. Mwaka 1937 masomo hayo yakaingia Makerere, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Shule ya sanaa ya Makerere imeitwa kwa jina lake.

Kutoka shule hiyo walitokea watu ambao kazi zao zinaonekana mpaka leo. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962, ambayo humwonyesha mtoto akiinuliwa juu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame chini ya Kilimanjaro, alichora maisha ya kwao: mavuno, mikutano na harusi. Picha yake ya mwaka 1956, yenye wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Ntiro huyo huyo aliiwakilisha Tanganyika mjini London baada ya uhuru. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alichora kuta za kanisa la Murang'a, kisha akaanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa mjini Nairobi.

UBISHI WA WALIMU WAWILI

Hata hivyo, ndani ya shule hiyo palikuwa na ubishi ambao haujaisha, nao wahusu kila mzazi. Bibi Trowell alichelea kuwaonyesha wanafunzi wake picha za Ulaya. Aliona kwamba kijana akishaona kazi za mabingwa wa Italia, mkono wake utaiga, na macho yake yatadharau ya nyumbani. Kwa hiyo aliwasimulia kisa kwa maneno, kila mmoja akakichora alivyokiona moyoni mwake.

Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd. Huyu alikuwa na rai tofauti. Kwake, kumficha mwanafunzi mambo ya ulimwengu ni kumfungia chumbani. Akatia mkazo historia ya sanaa, hasa ya Ulaya, pamoja na elimu ya rangi, ili mwanafunzi wa Makerere ajue yale ajuayo mwenzake wa London.

Nani alikuwa na haki? Kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Kijana asiyejua ila ya kwao hawezi kuyapima, kwa kuwa hana cha kuyalinganisha nacho. Lakini kijana aliyekariri makanisa yote ya Roma, asiweze kueleza mlango wa Lamu, kinyago cha Wamakonde au nguo ya gome la mtuba iliyofunikiwa babu yake, amesoma historia ya nyumba za watu na kuisahau ya kwao. Walimu waliofuata walijaribu kuziunganisha nusu hizo. Pilkington Ssengendo, kwa mfano, alichora juu ya gome la mtuba lenyewe. Mwaka 2005 ufundi wa kutengeneza nguo hiyo katika Uganda ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote.

MTIHANI UFANANAO NA UPELELEZI

Askari wa upelelezi atalielewa somo hili upesi kuliko watu wengi. Katika mtihani wake, mwanafunzi huonyeshwa picha ya kitu asichowahi kukiona, isiyo na maelezo yoyote. Hutakiwa aseme kitu hicho ni cha wapi, cha wakati gani na kilikuwa na kazi gani, kisha ataje ushahidi wake. Asemaye "nadhani" hapati kitu. Hana budi kuonyesha alama ya patasi, aina ya udongo, mshono wa nguo, umbo la jicho.

Kwa mfano, katika pwani ya Afrika Mashariki, huko Kunduchi na Mambrui, yako makaburi ya kale yenye nguzo, ambazo zilipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mwanafunzi akiujua mtindo wa bakuli, huweza kukisia lilitengenezwa karne gani. Kutoka hapo hupata jambo moja la hakika: nguzo haiwezi kuwa ya kale kuliko bakuli lililojengewa ndani yake. Kisha huuliza bakuli la Uchina lilifikaje Kunduchi, na jibu humfungulia habari za pepo za msimu, majahazi, na wafanyabiashara wa Bara Hindi na Uarabuni. Kwa kipande kimoja cha kauri amesoma tarehe, biashara na dini.

Ndiyo sababu somo hili huvuka mipaka ya nchi na nyakati. Picha za miamba ya Kondoa, katika Tanzania, hulinganishwa na za mapango ya Lascaux, Ufaransa. Vinyago vya Afrika vilivyochukuliwa kwenda Paris husomwa pamoja na picha za Picasso za tangu mwaka 1907, kwa kuwa alivitazama, akabadili namna yake ya kuchora. Basi mkopo haukuwa wa upande mmoja.

UONGO ULIOFUTWA

Elimu hii imekwisha kufuta uongo mkubwa. Mwaka 1910, Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, katika nchi iitwayo sasa Nigeria, akaona vichwa vilivyotengenezwa kwa ustadi wa ajabu. Hakukubali kwamba mikono ya Waafrika iliweza kazi hiyo, akadai ni masalio ya watu wa Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki. Mwaka 1938, watu waliochimba msingi wa nyumba mjini humo walikuta vichwa vingine vingi vya shaba. Uchunguzi ulithibitisha kuwa mafundi walikuwa wa hapo hapo Ife, karne nyingi zilizopita.

Mambo yalikuwa yale yale kwa Zimbabwe Kuu. Walowezi walidai kwamba kuta zile za mawe zilijengwa na wageni kutoka mashariki. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba, akasema wajenzi walikuwa Waafrika. Mwaka 1929, mwaka ule ule wa Kichwa cha Luzira, Gertrude Caton-Thompson alichimba tena na kufikia neno lile lile. Ushahidi wao ulikuwa vigae na vyombo vya kawaida vya nyumbani. Mtu akinyimwa historia ya mikono yake, ni rahisi kumwambia kwamba hajapata kufanya lolote. Kigae kimoja kilichosomwa vyema huweza kumjibu mwongo.

YAWAHUSU PIA WENYE SARE

Vita na wizi ndivyo vinavyofilisi hazina za namna hii, na askari huwa karibu na vyote viwili. Kwa Mapatano ya The Hague ya mwaka 1954, nchi zilizotia sahihi zilikubali kuingiza ulinzi wa mali za utamaduni katika kanuni za majeshi yao tangu wakati wa amani. Nchini Italia, jeshi la Carabinieri lina kikosi maalum tangu mwaka 1969, ambacho kazi yake ni kufuatilia sanaa zilizoibwa. Askari wa kikosi cha namna hiyo hulazimika kusoma, kwa maana hawezi kukamata mali asiyoitambua.

Mfano wa karibu ni vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa heshima ya marehemu. Mwaka 1985, mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja katika pwani ya Kenya akiwa mbele ya vigango alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu Marekani, Udvardy alioneshwa picha ya kigango kilichokuwa katika hifadhi ya makumbusho nchini humo, akakitambua. Yeye na mwenzake, Linda Giles, wakafuatilia, na mwaka 2007 vigango vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Shahidi aliyeshinda kesi hiyo alikuwa picha moja tu na jicho lililofundishwa kuangalia.

Uganda nayo ina habari zake. Masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa Uingereza zamani za wamisionari na kurudishwa kutoka Cambridge mwaka 1962. Mwaka 2024 chuo kikuu hicho kilileta Kampala vitu vingine 39, lakini kwa mkopo. Huenda siku moja akahitajika mtu wa kueleza, kwa hoja na kwa ushahidi, kwa nini mwenye mali akopeshwe mali yake. Mtu huyo lazima awe amesoma.

Tena iko faida isiyopimwa kwa kesi wala mali. Makerere ipo sanamu ya mti iliyochongwa na Francis Nnaggenda kati ya mwaka 1982 na 1986, jina lake Mwathirika wa Vita. Ni mwili uliojeruhiwa vibaya, lakini bado umesimama. Mjane wa askari, au askari aliyerudi bila mguu, hahitaji mkalimani mbele ya sanamu hiyo.

NENO KWA JAMAA

Basi mzee sajini amjibu nini binti yake? Asimdanganye kwamba njia ni fupi. Kazi zilizopo ni za ualimu, makumbusho, uchapaji, usanifu wa nguo na vyombo, na utunzaji wa mambo ya kale, na nafasi zake si nyingi. Yafaa binti ajifunze pamoja na somo lake ufundi mmoja wa mkono, asome lugha, na ajue kuandika vizuri. Lakini mzazi asimwambie kwamba anakwenda kucheza.

Jamaa nao waweza kuanza somo hili nyumbani bila ada. Mkeka wa bibi, kibuyu cha maziwa, kigoda cha babu na kikapu cha mahari vina majina, mafundi na sababu. Mtoto apewe daftari aandike: nani alikitengeneza, kwa mti au ukindu gani, mwaka gani, na nakshi yake ina maana gani. Waulizwe wazee wangali hai. Na akipita mfanyabiashara anayetaka kubadilisha kitu cha ukoo kwa sufuria mpya, asijibiwe kabla jamaa yote haijakaa kikao.

Fundi wa Kichwa cha Luzira hakuandika jina lake, wala hakuna aliyeliandika kwa niaba yake. Wataalamu huikadiria kazi yake kuwa ya takriban miaka 1000 iliyopita, kwa kuulinganisha udongo na mitindo ya vyungu. Hayo ndiyo yote yaliyookolewa. Binti wa sajini akikubaliwa kusoma, huenda fundi wa leo asipotee vivyo hivyo.