Spika Zisizo na Waya: Ipi Hitilafu ya Nyumbani, Ipi ya Kiwandani?



Wako wenzetu walionunua spika zisizo na waya kwa mshahara wao, na wengine wameletewa na ndugu walioko ng'ambo. Malalamiko tunayoyasikia matawini ni ya namna mbili. Kwanza, muziki unakatikakatika. Pili, spika iliyokuwa nzima jana, leo haisikii amri baada ya programu yake kubadilishwa. Yafaa tuyatenganishe mambo haya. La kwanza mara nyingi dawa yake imo nyumbani mwako. La pili hutoka kwa mwenye kiwanda.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Spika ya Bluetooth hupokea muziki kutoka kwenye simu moja kwa moja. Ukienda na simu yako mbali, muziki hukatika. Spika nyingi za waifai haziko hivyo. Hizo huvuta muziki wenyewe kutoka kwenye ruta, yaani kile chombo kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Simu ni kama nyapara shambani: hutoa amri tu, mzigo haibebi. Kwa hiyo muziki ukikatika, usianze kuilaumu simu. Tazama njia iliyoko kati ya ruta na spika.

MUZIKI UKIKATIKA

Ruta nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini njia yake ina msongamano: ruta za majirani, vyombo vya Bluetooth, hata jiko la mikrowevu. Yale ya 5 yana nafasi kubwa, lakini kuta huyadhoofisha upesi. Basi fanya hivi:

1. Ruta uiweke juu, mahali pa wazi. Usiiweke sakafuni wala nyuma ya friji au kabati la chuma.
2. Hakikisha simu na spika zimo katika mtandao mmoja.
3. Katika gigahezi 2.4, chagua mkondo wa 1, 6 au 11. Mikondo hiyo mitatu haiingiliani.
4. Umeme ukirudi baada ya kukatika, washa ruta kwanza. Ingoje iwe tayari, ndipo uwashe spika.
5. Kama spika ina tundu la waya wa mtandao, tumia waya. Waya haujui msongamano wa hewani.

PROGRAMU IKIBADILISHWA

Hapa tuchukue mfano wa Sonos, kampuni ya Marekani. Januari 2020 ilitangaza kwamba spika zake za zamani hazitapata tena programu mpya kuanzia Mei mwaka huo. Wanunuzi wakapiga kelele kwa pamoja. Baada ya siku chache mkuu wa kampuni, Patrick Spence, akaomba radhi, akaahidi kwamba spika hizo zitaendelea kurekebishwa kasoro na kulindwa kadiri iwezekanavyo.

Mei 2024 kampuni hiyo ikatoa programu mpya ya simu. Saa ya kuamsha haikuwamo, wala njia ya kupanga foleni ya nyimbo. Spika nyingi zikawa zinapotea kwenye simu. Vipofu wanaosomewa na simu zao wakalalamika kuwa imekuwa shida kwao kuitumia. Julai, Spence akaomba radhi tena. Watu walipotaka warudishiwe programu ya zamani, wakaambiwa haiwezekani.

Sasa ndugu, tazameni tarehe. Agosti 2024 kampuni ikaachisha kazi watu wapatao 100. Januari 2025 Spence akaondoka. Februari wakaachishwa wengine wapatao 200. Uamuzi wa kutoa programu ile ulikuwa wa wakubwa. Walioachishwa ni wengi kuliko walioamua.

TUFANYE NINI?

Usizime spika wala ruta wakati programu inapobadilishwa. Kama umeme ni wa mashaka, ngoja hadi utulie, maana spika ikikatiziwa katikati yaweza kuharibika kabisa.

Kama simu yako inaruhusu, zuia programu isijibadilishe yenyewe. Ngoja siku chache, uliza wenzako waliotangulia. Lakini usikae miezi mingi, kwa sababu mabadiliko hayo pia huziba matundu wanayopitia wezi wa mitandao.

Kabla ya kununua, uliza: je, ina tundu la waya au Bluetooth, ili siku programu ikigoma spika isigeuke pambo? Je, kampuni itaihudumia miaka mingapi? Asiyeweza kukujibu, usimwachie fedha yako.

Na ikiharibiwa na programu ya kampuni, andika tarehe na tatizo lilivyo, tunza risiti, mlalamike pamoja na wenzako. Sauti ya mnunuzi mmoja hupuuzwa. Mwaka 2020 walipaza sauti wengi, na tajiri akasikia.