Jicho la Bima na Ulimi wa Jirani

Jirani yangu mmoja hapa Kashai, fundi wa kujenga, aligongwa na gari katika barabara iendayo Muleba, akavunjika mguu na kuumia mgongo. Alipotoka hospitali alidai fidia kwa kampuni ya bima ya gari lile.

Siku moja alasiri, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, alinijia mgeni mpole barazani pa madrasa. Nikamkaribisha kama ilivyo ada yetu, nikampa akamwani atafune. Tukazungumza habari za mvua na bei ya kahawa, kisha akauliza kana kwamba ni maneno ya kupitisha wakati: "Maalim, yule fundi sasa hajambo?" Nami, kwa kutaka kumsifu jirani yangu kwa subira yake, nikajibu: "Alhamdulillahi, hajambo kabisa. Jana nimemwona akitoka sokoni amebeba ndizi."

Hayo yalikuwa kweli. Lakini sikusema kwamba alitembea kwa gongo, wala kwamba alipumzika njiani mara nne, wala kwamba usiku ule mkewe alikuja kwetu kuomba mafuta ya kumchua. Baada ya wiki chache fundi aliletewa barua: dai lake limekataliwa, kwa kuwa majirani wamethibitisha kwamba amepona na anabeba mizigo. Yule mgeni alikuwa mpelelezi wa bima, na jirani aliyethibitisha ni mimi.

Wazee wamesema ulimi hauna mfupa. Nami nimeona haya, na kwa haya hiyo nawaandikia.

Hukumu ya bima yenyewe katika sharia ni mlango mwingine, nami siufungui leo. Nasema juu ya uchunguzi tu. Wala tusiwaonee watu wa bima. Hapa Tanzania, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, humlazimisha mwenye gari kuwa na bima itakayomfidia mtu wa tatu atakayeumizwa na gari hilo. Fedha hizo hutolewa na wenye magari wote. Basi mtu adaiye kwamba alikuwamo katika basi lililopinduka, ilhali siku ile alikuwa shambani kwake, huyo ni mwizi wa mali ya wengi. Jirani zetu wa Kenya walisumbuliwa sana na madai ya namna hiyo, hata mwaka 2011 kikaundwa kitengo maalum cha kupeleleza udanganyifu wa bima.

Kwa hiyo kampuni hutazama. Hulinganisha maelezo ya polisi na fomu ya PF3 na karatasi za hospitali. Humpeleka mdai kwa daktari waliyemchagua wenyewe. Huwauliza majirani na waajiri. Siku hizi huzitazama pia picha ambazo watu wenyewe huzianika katika simu: kijana aliyedai kuumia mgongo aonekana harusini amesimama anacheka, basi husemwa amepona. Lakini picha ni ya dakika moja. Haionyeshi kwamba saa moja baadaye alilala chini kwa maumivu. Picha ile na neno langu la barazani ni ndugu: vyote viwili ni kweli iliyokatwa nusu.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Huko Uswisi, mwanamke aliyegongwa na pikipiki mwaka 1995 alifuatwa kwa siri na wapelelezi wa bima mwaka 2006. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihukumu tarehe 18 Oktoba 2016 kwamba haki yake ya faragha ilivunjwa, kwa kuwa sheria ya nchi haikuweka wazi mipaka ya upelelezi huo. Waswisi hawakuuacha, waliutungia sheria, na wananchi wakaikubali kwa kura tarehe 25 Novemba 2018. Hapo twajifunza kwamba hata jicho lenye haki ya kutazama halina budi kuwekewa mpaka.

Sisi nasi tunayo mipaka. Katiba yetu, ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Na kabla ya hizo, Sura ya Al-Hujurat imetufundisha mambo mawili: aya ya 6 yatuamrisha kuihakiki habari tuletewayo, na aya ya 12 yatukataza kupelelezana. Anayehakiki hubisha hodi na kutaja jina lake. Anayepeleleza huja kama mgeni wa kahawa.

Basi, ndugu zangu, aliyeumia aseme maumivu yake kama yalivyo, asizidishe wala asipunguze, kwani njia ya mwongo ni fupi. Ahifadhi karatasi zote za matibabu. Akinyimwa haki yake, aijue ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Vijana wafikiri kabla ya kuanika picha zao au za mgonjwa wao. Na sisi majirani, ajapo mgeni kuuliza habari za mtu, kwanza tumwulize: "Wewe ni nani, na nani amekutuma?" Tukitoa ushahidi, tuutoe mzima.

Mimi niliandika ushahidi wangu wote, nikautia sahihi. Daktari naye akaandika. Dai la fundi lilifunguliwa upya, naye akalipwa baada ya miezi saba. Amenisamehe. Lakini katika miezi hiyo saba watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, na kila walipopita mbele ya baraza langu wakaniamkia kwa adabu, sikuwa na la kuwajibu ila kuinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu. Amin.