Kabla ya Kuandika 777, Jua Ni Mlango Upi Umekukatalia

Katika ofisi zinazotumia folda ya pamoja, haipiti muda kabla mtu hajajaribu kuifungua na kuambiwa hana ruhusa. Fundi huitwa. Watu wamemsimamia, kazi imelala, naye huandika amri moja, `chmod -R 777`, folda ikafunguka na kila mtu akarudi mezani kwake. Kilichofanyika hapo ni kwamba yeyote anayeifikia folda hiyo, awe mhasibu au mwanafunzi wa mafunzo kazini, sasa anaweza kusoma, kubadili na kufuta kila kilichomo. Na mara nyingi kosa la mwanzo halikuwa hata kwenye ruhusa za faili.

Ruhusa ya kufikia faili iliyo kwenye seva haitolewi mahali pamoja. Ombi lako hupita milango mitatu: wa kwanza huangalia mashine unayotumia, wa pili huangalia wewe ni nani, wa tatu huangalia faili yenyewe inamruhusu nani. Fundi anayejua ni mlango upi umekataa hurekebisha huo huo. Asiyejua huishia kuvunja ule wa tatu, ambao ndio unaolinda mishahara, majibu ya maabara na mitihani.

Kupachika ni nini

Kabla ya kuitazama milango hiyo, tuone kwanza folda ya seva huonekanaje kwenye kompyuta yako. Mfumo wa Linux hauna diski C wala D. Kila kitu kimo ndani ya mti mmoja wa folda unaoanzia kwenye alama `/`. Kupachika, ambako mafundi hukuita kumaunti, ni kuiagiza kompyuta kwamba folda fulani, tuseme `/mnt/hesabu`, ionyeshe vilivyomo kwenye diski nyingine. Diski hiyo yaweza kuwa flashi uliyoichomeka, au folda iliyoko kwenye seva ya jengo la pili. Kwa kazi hii ya pili, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza mfumo wa NFS mwaka 1984. Toleo la 3 lilichapishwa 1995 na la 4 mwaka 2000, na yote mawili yangali yanatumika.

Folda ikishapachikwa, ruhusa unazoziona ni za folda ya seva. Zile ulizoziweka kwenye `/mnt/hesabu` kabla ya kupachika zimefunikwa, pamoja na chochote kilichokuwamo. Hapa ndipo kazi za watu hupotelea. Umeme umekatika, kompyuta imewaka kabla ya seva, na `/mnt/hesabu` imebaki kuwa folda tupu ya kawaida. Karani anahifadhi humo ankara za siku nzima akidhani ziko kwenye seva. Seva ikirudi na folda kupachikwa, ankara hazionekani. Hazijafutika, ziko chini ya folda iliyopachikwa, na ukiibandua utazikuta. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kupachika, folda hiyo iwe mali ya mtumiaji mkuu, yaani ruti, na mtumiaji wa kawaida asiweze kuandika ndani yake. Seva ikikosekana, karani atakataliwa papo hapo na kujua kuna tatizo. Katika faili ya `/etc/fstab`, yenye orodha ya vinavyopachikwa kompyuta ikiwaka, ongeza neno `_netdev` ili kompyuta isubiri mtandao kwanza, na `nofail` ili isikwame kuwaka seva ikikosekana.

Mlango wa kwanza: mashine

Seva ya NFS huweka katika faili ya `/etc/exports` orodha ya folda inazozitoa na kompyuta zinazopewa. Mstari mmoja waweza kuwa hivi:

`/hesabu 192.168.10.0/24(rw)`

Maana yake, kompyuta zote za mtandao huo mdogo zinaruhusiwa kusoma na kuandika. Sasa weka nafasi moja tu kabla ya mabano:

`/hesabu 192.168.10.0/24 (rw)`

Nafasi hiyo imebadili kila kitu. Mtandao wa ofisi sasa umepewa ruhusa ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, na kompyuta nyingine yoyote inayoifikia seva imepewa kusoma na kuandika. Wafanyakazi watalalamika kwamba hawawezi kuhifadhi, fundi atakimbilia 777, na wakati huo wageni wataandika watakavyo. Kila unapoigusa faili hii, endesha `exportfs -ra` kisha `exportfs -v`, usome kwa macho yako nani amepewa nini.

Mlango wa pili: namba

Huu ndio mlango usioeleweka zaidi, na ndio ninaowasihi mafundi wauzingatie. Katika mpangilio wa kawaida wa NFS, seva haikuulizi nenosiri. Kompyuta yako ndiyo inayoiambia seva wewe ni nani, na hutaja namba: namba ya mtumiaji na namba za makundi yake. Seva inaamini.

Chukua ofisi yenye kompyuta mbili ambazo akaunti zake zilifunguliwa kila moja kivyake. Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, wa pili 1001. Katika mashine moja, 1001 ni mhasibu. Katika nyingine, 1001 ni karani wa stoo. Kwa seva hao ni mtu mmoja. Karani atafungua jedwali la mishahara bila kudukua chochote, na kumbukumbu zitaonyesha kwamba mwenye faili ndiye aliyeifungua. Amri ya `ls -l` huonyesha majina, kwa hiyo kila mashine itaonyesha jina inalolijua yenyewe na wote watadhani mambo yako sawa. Andika `ls -ln` na namba zitajitokeza. Linganisha na matokeo ya `id` kwenye kila mashine.

Wengi hudhani toleo la 4 limeondoa tatizo hili kwa sababu linataja wenye faili kwa majina. Bila Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, uamuzi wa nani aingie bado hufuata namba. Majina yakishindwa kulingana, utaona faili zote ni mali ya `nobody`. Hiyo ni dalili ya kuangalia kama jina la domeni katika `/etc/idmapd.conf` ni moja pande zote mbili. Kuna na kikomo cha makundi: ombi moja hubeba makundi yasiyozidi 16. Mkuu wa idara aliye katika makundi 20 anaweza kukataliwa folda ambayo ni yake kihalali, na hakuna `chmod` itakayomsaidia isipokuwa ile ya kuiacha wazi kwa wote.

Kuna pia ruti, mwenye namba 0. Kwa kawaida seva humgeuza ruti wa mashine nyingine kuwa mtu asiye na mamlaka, namba 65534. Mafundi wakikwama huandika `no_root_squash` kuzima kinga hiyo, na kuanzia hapo mwenye nenosiri la ruti kwenye kompyuta mpakato moja tu anaitawala folda nzima. Hata kinga ikiwapo, ruti huyo anaweza kufungua akaunti yenye namba 1001 na kuingia kwa sura ya mhasibu. Kwa hiyo mpangilio huu unafaa pale tu ambapo mashine zote zinasimamiwa na mikono unayoiamini, na namba za watumiaji zinatoka mahali pamoja, kwa mfano saraka ya watumiaji ya LDAP. Pasipokuwa hivyo, tumia Kerberos kwa `sec=krb5p`: mtumiaji atathibitishwa kweli, na data itasimbwa njiani.

Mlango wa tatu: faili yenyewe

Hapa ndipo zilipo namba za `chmod`. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha au kuingia ndani ya folda ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi, ya tatu ni ya wengine wote. Folda ya idara ya uhasibu haihitaji 777. Unda kundi la `hesabu`, likabidhi folda, kisha weka `chmod 2770`. Tarakimu 2 iliyoongezwa mbele ya zile tatu hufanya kila faili mpya irithi kundi la folda, na 0 ya mwisho huwafungia wengine nje. Hakikisha pia umask ya wahasibu, yaani ruhusa ambazo faili mpya hunyimwa, ni 007. Ikiwa 022, faili mpya zitasomeka na wenzao lakini hazitabadilishika, na hicho ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya folda za pamoja.

Kumbuka jambo moja zaidi: uwezo wa kufuta faili hutoka kwenye folda. Faili inaweza kuwa ya kusoma tu, na bado yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda akaifuta. Ukitaka kila mtu afute faili zake tu, weka 3770.

Windows na Samba

Windows hushirikisha folda kwa itifaki ya SMB, na seva za Linux huitumia kupitia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Tofauti kubwa ni kwamba mtumiaji hutoa jina na nenosiri. Kwenye Windows kuna ruhusa za folda inayoshirikiwa na ruhusa za faili, na kati ya hizo mbili iliyo kali ndiyo inayoshika. Ukipachika folda hiyo kwenye Linux, taja `uid` na `gid`, na nenosiri liwe katika faili ya pembeni yenye ruhusa 600, kwa kuwa `/etc/fstab` husomwa na kila mtu. Toleo la kwanza la SMB lizimwe kabisa. Programu hasidi ya WannaCry, iliyovuruga hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, ilienea kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo.

Wapi pa kuanzia

Soma ujumbe wa kosa. Ukikataliwa wakati wa kupachika, angalia `/etc/exports` na ngome ya mtandao, bandari 2049 kwa NFS na 445 kwa SMB. Ukiambiwa mfumo ni wa kusoma tu, angalia `rw` pande zote mbili. Ukishapachika na bado ukakataliwa, linganisha namba kwa `id` na `ls -ln`. Namba zikilingana, ndipo uguse `chmod`.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Fundi anayeandika 777 anaifanyia uamuzi taasisi nzima, na kwa niaba ya watu ambao majina yao yamo kwenye faili zile. Dakika kumi za kulinganisha namba ni haki yao.