Kunguru weusi wa Msasani na swali la nani alianza kuingilia asili

Dar es Salaam. Mashua za wavuvi zinapotia nanga katika pwani ya Msasani, wilayani Kinondoni, kunguru weusi huwa wameshafika. Hunyakua dagaa walioanikwa, hupekua majalala na hubeba vifaranga uani. Methali isemayo kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake haiwahusu hawa.

Kila zinapotangazwa hatua za kuwapunguza ndege hao, huibuka swali: ikiwa kunguru ameshinda kwa werevu na ujasiri wake, binadamu ana mamlaka gani ya kuwatetea walioshindwa? Swali hilo halistahili kubezwa, kwani kuua viumbe kwa wingi si jambo jepesi hata pale sheria inaporuhusu.

Historia ndiyo inayolijibu. Kunguru huyu, ambaye asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, ili asaidie kusafisha taka za mji. Baadaye akaenea Tanzania Bara na pwani ya Kenya. Miji ilipokua, majalala ya wazi yakamlisha mwaka mzima. Ndege wadogo wa asili, ambao mayai na makinda yao huliwa naye, hawakupata msaada wa namna hiyo. Ushindi wake, basi, umebebwa na mkono wa binadamu tangu mwanzo, na kumdhibiti leo ni kurekebisha kilichoharibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, ambao katika Ibara ya 8 unazitaka nchi, kadiri inavyowezekana, kuzuia kuingizwa kwa viumbe wageni wanaotishia mifumo ikolojia na kuwadhibiti au kuwatokomeza walioingia. Nchini Kenya, mwaka 2024, Shirika la Wanyamapori (KWS) lilitangaza lengo la kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo.

Hata hivyo, sumu na mitego, ambavyo vimewahi kutumika Dar es Salaam, ni nusu tu ya kazi. Utumbo wa samaki ukiendelea kutupwa ufukweni na taka kulala nje bila kufunikwa, kunguru waliobaki hupata chakula tele cha kulelea makinda, na kampeni ikikoma idadi hupanda tena. Muuza samaki anayefukia utumbo anawapunguza bila kuua hata mmoja. Ama sumu, hiyo ni kazi ya wataalamu pekee. Ikitegwa kiholela huweza kuua kuku, paka na hata kumdhuru mtoto.

Wananchi wanapaswa pia kutofautisha ndege hao. Mgeni ana rangi ya kijivu shingoni na kifuani, ingawa huitwa mweusi. Kunguru mwenye shingo na kifua cheupe ni mwenyeji wa Afrika. Huyo hahusiki na udhibiti huu, na akinaswa mtegoni anapaswa kuachiwa.